Kadi ya Watu Sita

Saa kumi na robo alfajiri kaka yangu Bakari aliamka tumbo limevimba kuliko jana yake, tukafunga safari kutoka Mwera. Homa ya ini C ilikuwa imegunduliwa alipokwenda kumtolea damu mkwewe. Vidonge vyake vya miezi mitatu huponya, ila bei yake hatukuiweza. Sasa tulikuwa tumesikia kwamba bima ya umma inavilipia, katika hospitali moja ya Tanga mjini. Kadi ya kaya kaka alikuwa nayo mfukoni mwa kanzu.

Kwenye kivuko cha Pangani, mchuuzi wa nazi, mtani wetu, alimkazia macho.

"Bakari, macho ya manjano kama embe dodo."

"Yameiva," kaka akajibu. "Ngoja yaanguke uokote."

Watu walicheka. Mimi nilitazama miguu yake, ambayo haikuingia tena kwenye viatu.

Tanga tuliingia asubuhi. Daktari alimpima, akasema ini limechakaa lakini dawa ingeweza kumsaidia, mradi aanze juma lile lile. Akatutuma kwenye dirisha la bima. Binti aliyekuwapo alimwamkia kaka shikamoo, akaingiza namba ya kadi kwenye kompyuta, akasoma majina.

"Baba, kadi ni hai. Yumo mkeo, yumo mama yako, watoto watatu na mjukuu. Wewe humo."

Kaka alitabasamu. "Mwanangu, hao nimewaandikisha mimi. Mwenye nyumba ndiye anayehesabu. Yeye huhesabiwaje?"

Nilimwelewa. Kwetu, siku ya karamu, mwenyeji huhesabu masinia ya wageni wala hajihesabu. Akibakiziwa ukoko, hushukuru. Mwandikishaji wa bima alipofika Mwera akataka majina sita, ndio mwisho wa kadi moja, kaka alitaja sita, akalipa. La saba hakuulizwa.

Binti alitueleza kwa upole kwamba kadi ya pili inawezekana, ila ingeanza kufanya kazi baada ya miezi miwili. Niliilipia pale pale. Kisha tukaulizia bei ya dawa kwa taslimu. Hata tungeuza minazi yote, isingefika nusu.

Alasiri tulivuka mto kurudi. Tuliposhuka Bweni, ng'ambo ya pili, kaka alinigeukia.

"Mama usimwambie kwamba nafasi zilijaa," alisema. "Atataka jina lake lifutwe."

Alifariki katika juma la nne. Kadi yake ilianza kufanya kazi juma la arobaini yake.

Tangu hapo, mwandikishaji akija kijijini, namfuata nyumba kwa nyumba na kumwomba aanze kwa kumwuliza mwenye nyumba jina lake. Wengine hucheka, wakasema mimi sitosheki na kadi. Kaya ya kaka ilikuwa ya watu saba, ikahitaji kadi mbili. Siku ile ya kuandikishwa, kwa kuchukua moja, aliokoa shilingi elfu thelathini.