Mgahawa Usio na Mlango wa Nyuma

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Kasulu, na nilikuwa nimeolewa huko huko. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niupende mgahawa ule.

Ulikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, meza nne na mabenchi yake, na jiko nyuma ya pazia la kitenge. Haukuwa na bango. Watu walisema tu "twende kwa mama." Mama mwenyewe alikuwa na sauti nzito na mkono mwepesi. Maharage aliyaunga kwa mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu, akayapakua pembeni ya ugali wa muhogo. Ndani mlikuwa na joto, harufu ya mkaa, na kelele za watu wanaobishana bila kugombana.

"Mwalimu, tafuna kwanza!" fundi cherehani wa jirani alipenda kuniambia. "Ugali haukimbii."

"Nyamaza wewe. Juzi umemshonea mtu suruali, mguu mmoja wa kwake, mwingine wa mdogo wake."

Watu wakacheka, nami nikacheka na tonge mdomoni.

Nieleze thamani ya tonge hilo, maana aliyekulia kwingine anaweza kuliona dogo. Mume wangu alifanya kazi Kibondo, akija mwisho wa mwezi. Mimi niliishi na mawifi zangu kwa baba yake, mgane mpole asiyewahi kunifokea. Lakini katika nyumba ile mkamwana hali mbele ya baba mkwe, wala baba mkwe hali mbele ya mkamwana. Si chuki, ni heshima. Nilimpelekea chakula sebuleni, nikapiga magoti, nikatoka, kisha nikala jikoni huku nimetega sikio. Akipita uani, nilifunika sahani na kuacha kutafuna. Kwetu Morogoro nilizoea kula huku nikibishana na baba yangu mzazi. Kwa hiyo mapumziko ya mchana kwa mama yalikuwa saa yangu pekee ya kula bila kujichunga.

Siku moja nikila kwa mama, wingu limeshajaa, nilisikia makofi mlangoni. Waha wakiamkiana kwa heshima hupiga makofi taratibu, na ukikaa na mtu unayajua mapigo yake. Hayo niliyajua. Sikufikiri. Nilibeba sahani yangu nikaingia nyuma ya pazia. Mama alinikuta nimechuchumaa kati ya gunia la mkaa na ndoo ya maji.

"Kuna nini?"

"Mkwe."

"Yesu wangu!" Akaziba mdomo kwa kanga asicheke. "Basi tulia. Atakunywa chai, ataondoka."

Hakuondoka. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, na yeye akaagiza maharage. Jiko lile halikuwa na mlango wa nyuma. Kutoka kulitaka upite katikati ya meza. Moshi uliniingia machoni, ugali ukapoa mkononi. Njaa ilikuwepo, lakini sikutafuna: pazia lilikuwa jembamba, na mkwe alikuwa akila upande wa pili. Kengele ya shule ikalia, wanafunzi wangu wakanisubiri, nami nimekwama pale kama kuku kwenye tenga.

"Mzee, leo umetukumbuka," nilimsikia mama akisema.

"Leo? Wiki iliyopita nilipita asubuhi, ukanipa haya maharage. Tangu hapo cha nyumbani hakishuki."

"Kwani mkamwana hajui kupika?" akauliza fundi, na shetani yule alijua vizuri nilipo.

Nikafumba macho.

"Anajua sana, mtoto yule. Shida si chakula. Tangu mama yao afariki nakula peke yangu sebuleni, kama mgeni wa serikali. Nawasikia jikoni wanacheka. Nikikohoa tu, kimya. Basi mtu unajifunza kutokohoa."

Fundi akamwambia, "Hapa kohoa mzee, kohoa mpaka uchoke," na mgahawa mzima ukaangua kicheko. Katikati yake nilisikia kicheko nisichokijua, kikavu, kinachoanza kwa kusitasita. Nilikuwa nimeishi nyumba moja na mtu huyo mwaka mzima bila kukisikia.

Mama akarudi jikoni. "Toka, mwanangu. Mwamkie upite zako. Utakufa na moshi."

Alisema kweli, na nilijua kingetokea nini. Angeniona na sahani, angeelewa kwamba mgahawa ule ni wangu, angeinuka kwa adabu yake yote na asingerudi tena. Ningepata benchi langu, siku hiyo hiyo.

Nikatikisa kichwa. Nilikaa mpaka mvua ikakatika, nikakaa tena alipoagiza chai ya pili.

Tangu hapo yeye alikwenda mchana, mimi saa kumi, baada ya vipindi. Usiulize kama nilifurahi. Saa kumi mabenchi yalikuwa yameshafutwa, fundi amerudi kwenye cherehani yake, na maharage yamebaki yale ya chini, yaliyogandia sufuria. Nilikula nikitazama ukuta. Hakuna aliyenikataza kucheka. Hapakuwa na wa kucheka naye.

"Mpaka lini?" mama aliniuliza siku moja.

"Mpaka mume wangu apate nyumba Kibondo."

"Akikosa?"

Mama akavuta benchi, akaketi mbele yangu na sahani yake, akanawa mikono.

"Haya," akasema, "nibishie kitu."