Kuonja Nako Kulikuwa Kunywa

Nianze na lililo zito: mwanangu nimemuumiza mimi mwenyewe, kabla hata sijaiona sura yake. Na miaka yote nimeacha watu wamsingizie bibi yake.

Natoka milima ya Usambara, upande wa Mgwashi. Nilikuwa napika pombe ya miwa. Huku kwetu mpikaji anaonja kwanza mbele ya mteja, ijulikane hajatia kitu. Pipa jipya likifunguliwa, naonja. Wakija wageni wasionijua, namaliza kikombe kizima ili waniamini. Mimba ilinikuta hapo, na sikuacha hata siku moja.

Kliniki nesi aliniuliza kama natumia pombe. Nikamjibu kwa ujasiri kabisa, "Situmii, mimi napika tu." Jamani! Na jioni nilikuwa nalala miguu haina nguvu, nikimwambia mume wangu ni uchovu wa mimba. Moyoni nilijua.

Binti alizaliwa mdogo mno. Akachelewa kutembea, akachelewa kusema. Wifi yangu akaanza kunong'ona kwamba mama mkwe ndiye kamfunga mtoto kwa uchawi. Nikanyamaza, maana maneno yale yalinifaa. Mama wa watu akaacha kuja kwetu. Tukikutana njiani namwamkia shikamoo, anaitikia, anapita bila kumgusa mjukuu wake.

Mtoto akaanza shule. Herufi alizofundishwa leo, kesho hazimo. Ukimtuma kuni anarudi mikono mitupu, anacheka. Nikaona ni kiburi, nikawa namchapa. Siku moja, fimbo iko juu, akaniambia:

"Mama, nakumbuka, halafu inaondoka."

Nililia kuliko yeye.

Nikampeleka hospitali. Daktari akaniuliza habari za ujauzito, taratibu, bila kunigombeza, na safari hii nikasema kweli yote. Akanieleza kwamba pombe anayokunywa mama inamfikia mtoto tumboni na kuumiza ubongo unaokua. Hakuna dawa ya kuufuta uharibifu ule. Atajifunza polepole, jambo moja moja, kwa kurudiarudia na bila fimbo.

Kesho yake nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti jikoni kwake. Nikamwambia si yeye, ni mimi na vikombe vyangu. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya. Nilitamani anitukane.

"Miaka minane," akasema. "Mjukuu wangu sijambeba, na sasa habebeki tena."



Dada yangu mwenye mimba, hata kikombe cha kuonja ni kunywa. Mteja asipokuamini, mwache aende kwingine. Na kama ulishaanza, acha leo hii, ukamwambie nesi, bado kuna kitu utamwokolea mwanao. Mimi wangu nilimnywesha mpaka siku ya uchungu.