Kisima cha Nyamizi na Miaka Yangu Nyuma ya Vipaza Sauti

Siku niliyoripoti kazini, Afisa Utamaduni wa Mkoa aliniangalia juu mpaka chini, akanionyesha kwa kidole chumba cha pili. "Mpiga chapa anakaa kule," alisema.

Nilimwamkia, nikampa barua yangu. Akaisoma mara mbili. "Kumbe huyu Z. Mrisho ni mwanamke?"

"Ndiyo, bwana. Zuhura."

Alicheka, lakini hakunirudisha nyumbani. Uhuru ulikuwa bado mchanga na mafundi walikuwa wachache. Mimi nimezaliwa hapa hapa Tabora, baba yangu akiwa fundi redio, na nililehemu nyaya kabla sijajua kusuka ukili. Baadaye nikasoma ufundi Dar es Salaam. Sikuja kubahatisha.

Niliwekwa chini ya Fundi Mkuu, Mzee Songoro, aliyejifunza mitambo jeshini wakati wa vita. Amplifaya yetu ilikuwa ya valvu, yaani vitaa vya kioo ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Ilikuwa nzito kama gunia la mpunga. Niliibeba mwenyewe kila mara, maana ningemwachia mwingine, kesho yake ningeambiwa kazi hii si ya wanawake.

Jumapili kulikuwa na bugi, dansi la mchana la vijana, katika ukumbi wa mjini. Bendi ikianza kupiga, Mzee Songoro alinitembeza pembe zote za ukumbi. "Unasikia nini hapa?" Mlangoni nilisikia ngoma tu. Chini ya feni nilisikia magitaa, na mwimbaji hayupo. "Mwimbaji hajui anavyosikika," aliniambia. "Wewe ndiye masikio yake. Ukikaa kwenye mitambo kama mganga kwenye kibuyu, umemtupa."

Alinifundisha maadui wawili. Wa kwanza ni mwangwi: bati juu, saruji chini, kuta tupu, basi neno la kwanza linarudi wakati la pili linatamkwa, na yote yanakuwa uji. Wa pili tuliuita mluzi. Maikrofoni ikielekea spika, sauti iliyotoka inaingia tena, inazunguka, mpaka mtambo unapiga kelele ya kutoboa masikio. Wengi walidhani dawa ya yote mawili ni kuongeza sauti. Ni sawa na kumwagia moto mafuta ya taa.

Mzee Songoro alipostaafu, nikashika nafasi yake. Nilikwenda kanisa la Kipalapala kwenye tamasha la kwaya, ambako padre mmoja aliniomba kwa upole nizime mitambo yote. Nikazima. Kanisa lile lilibeba sauti zenyewe vizuri kuliko spika zangu, nami sikuona haya kukubali.

Lakini kazi ninayojivunia kuliko zote niliifanya Kaliua.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Yaliandaliwa mashindano ya nyimbo baina ya vijiji, na mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Mkoa. Nilipanda treni na mitambo yangu kwenye behewa la mizigo. Nilipofika nikakuta hakuna ukumbi. Tumepewa ghala la tumbaku, bati tupu kila upande.

Asubuhi ya mashindano, vikundi vilikuja kujaribu maikrofoni. Kikundi cha wanawake wa kijiji kimoja kiliongozwa na mkulima aitwaye Nyamizi, mama wa makamo mwenye sauti kali kama filimbi. Aliimba, nami nikasimama katikati ya ghala. Sikushika hata neno moja.

Aliponiona natikisa kichwa, alinifuata. "Mwanangu, mimi zawadi siitaki," alisema. "Tulihamishwa, tukaambiwa kisima kinakuja. Mpaka leo tunakwenda kuchota tulikohama. Tumeandika barua, hazijibiwi. Leo huyo mkubwa atakaa mbele yangu. Fanya asikie."

"Mama, atasikia," nikamwambia, ingawa sikujua bado nitafanyaje.

Nilianza na spika. Zilikuwa zimefungwa juu, zikilipigia bati kelele. Nikazishusha, nikazielekeza kwa watu. Maikrofoni nikaiweka mbali na ngoma. Kisha nikamwomba mtunza ghala magunia yote matupu. Wanawake wa Nyamizi wakanisaidia kuyatundika ukutani, ili yanyonye mwangwi. Mwisho nikapunguza sauti.

Mwenyekiti wa kamati ya mashindano akaja mbio. "Dada, unatuaibisha! Magunia mbele ya Mkuu wa Mkoa? Na sauti mbona ndogo?"

"Mzee, nenda kule mwisho, kwenye mizani ya tumbaku, unisikilize." Nikanong'ona jina lake kwenye maikrofoni. Alinisikia vizuri. Hakufurahi, lakini aliniacha niendelee.

Ghala likajaa. Zamu ya Nyamizi ilipofika, ubeti wa kwanza ukatoka safi. Mwenyekiti, akiona watu wa nyuma wanainama kusikiliza, akadhani hawasikii. Akanyoosha mkono akazungusha kitufe cha sauti mwenyewe. Mluzi ukalia. Mkuu wa Mkoa akaziba masikio, Nyamizi akakatiza wimbo.

Nikaushika mkono wa mwenyekiti, nikauondoa. Nikarudisha kitufe mahali pake. "Endelea, mama," nikasema.

"Kesho utajieleza kwa maandishi!" mwenyekiti akanifokea.

Nyamizi akaanza upya: *Mlituita tukaitika, nyumba tumejenga, kisima kiko wapi?* Alipomaliza, Mkuu wa Mkoa alisimama. Nikadhani anaondoka. Akasema, "Ubeti ule wa kisima, rudia." Alipourudia, akamgeukia karani wake: "Andika jina la kijiji."

Baada ya mavuno mtambo wa kuchimba kisima ulifika kijijini kwao. Nyamizi hakushinda, walimpa nafasi ya tatu.

Mimi niliandika maelezo yangu. Afisa Utamaduni aliyasoma mbele yangu, uso mkavu.

"Uliuondoa mkono wa mwenyekiti?"

"Niliuondoa, bwana."

"Safari nyingine usingoje mluzi." Akaifunga faili.

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu. Siku hizi nasikia spika kubwa kama makabati, zinatikisa madirisha ya mtaa mzima, na mwimbaji hujui kama anabembeleza au anagomba. Nguvu ya mtambo si kipimo cha kazi, wanangu. Muulize msikilizaji mwimbaji amesema nini. Akikujibu, umeiweza kazi.

Siku ya kuagwa niliulizwa nataka zawadi gani. Nikasema nataka kukaa kwenye kiti kama mgeni, bendi ipige, mitambo aishike fundi niliyemfundisha, binti aitwaye Asha. Nilivaa doti mpya ya khanga, nikakaa. Besi ilikuwa imezidi kidogo. Mikono ikaniwasha. Nikaibana mapajani, nikasubiri, na kabla ubeti haujaisha Asha alikuwa ameishusha besi.