Mboga za Maji ya Udhu

Kwenye ua wa Bi Radhia pale Gongoni, chini ya ukuta wa upande wa kibla, imebaki miduara ya udongo mweusi juu ya mchanga mweupe. Mvua hupita juu yake na haiifuti. Alfajiri watu wa nyumba wakitawadha, maji hushuka kwenye mfereji mdogo wa saruji, hufika mwisho, yakazama mchangani bila kumkuta mtu anayeyangoja na karai. Bi Radhia anasema ua umekuwa mpana mno. Alilalamika sana kwamba hana pahali pa kutandika mkeka wake. Sasa pahali papo, na mkeka umekunjwa nyuma ya mlango.

Aliyeondoka ni Moraa, mpangaji wa chumba cha nyuma. Alikuja pwani kutoka Kisii na mtoto mgongoni, akafuata kazi ya kukusanya chumvi. Ni kazi yenye adui mmoja, nayo ni mvua. Jua likiwaka, maji ya bahari hukauka kwenye mabwawa, na ardhi yote huwa nyeupe mpaka macho yanauma. Masika ikiingia, weupe ule huyeyuka, nyapara hufunga lango, na vibarua hurudi nyumbani kungoja jua bila kujua litakuja lini.

Masika moja ilimbana Moraa mpaka akampakia binti yake, Abigael, kwenye basi kwenda kwa dada yake Kisii. Mtoto akasomea huko muhula mzima. Aliporudi alikuwa amerefuka, amenenepa kidogo, na ana adabu ya kutisha. Aliingia chumbani mwao, akakaa kwenye ncha ya kitanda, akauliza kama anaweza kunywa maji. Kumbe mtoto wa kumzaa anaweza kukubishia hodi kama mgeni. Swali lile lilimkata Moraa maini. Akajiapia kwamba masika nyingine haitamkuta mtoto huyu kwenye basi.

Ndiyo sababu kiangazi kilichofuata alianza kukusanya magunia yaliyotoboka, yale yanayotupwa nyuma ya ghala la chumvi. Aliyakung'uta, akayajaza udongo aliouchimba kando ya barabara ya mabwawa, akayapanga ukutani. Mbegu za sukuma wiki alinunua. Mbegu za managu, ambazo watu wa pwani huita mnavu, alikuwa nazo zimefungwa kwenye kona ya leso tangu siku alipotoka kwao. Alikuwa na hakika. Amekulia mashambani, kwao ukidondosha mbegu njiani asubuhi, jioni unairuka. Akawa anamwagilia maji ya kisima kila akitoka kazini.

Miche ilichomoza, ikasimama siku chache kama watoto waliopangwa kupigwa picha, kisha kingo za majani zikageuka kahawia. Moraa akaongeza maji. Ikazidi kuungua.

Okoth, mwenzake wa kazini ambaye siku za mapumziko huendesha bodaboda, alisimamisha pikipiki mlangoni akachungulia.

"Mama Abigael, hongera. Mboga imeshaungwa chumvi, imebaki mafuta tu."

"Pita, Okoth. Wewe huna hata kitunguu kwako."

"Sina kitunguu, lakini sijaua hata kimoja."

Moraa alicheka mpaka Okoth alipoondoka. Kisha aliinama, akachota udongo kidogo, akaugusisha ulimini. Hakusikia kitu. Akaonja maji ya kisima. Hakusikia kitu. Akaamua kwamba mbegu ndizo mbovu, na mbaya zaidi, kwamba mkono wake wa kupanda umekufa.

Bi Radhia alikuwa akimtazama kutoka barazani, buibui limemwanguka mabegani. Alikuja taratibu, akapitisha kidole kwenye gunia, akakilamba, akafumba macho.

"Moraa mwanangu, hili ni gunia ama ni samaki wa ng'onda?"

"Bi Radhia, nimeonja. Halina chumvi."

"Umeonja kwa ulimi upi? Huo unaoshinda nao mabwawani?" Akamwita Abigael. "Njoo mjukuu wangu, onja hapa, umwambie mamako."

Abigael alionja, akatema, akakimbilia maji ya mtungi. Safari hii hakuomba ruhusa.

Moraa akakaa chini palepale mchangani. Chumvi ilikuwa kwenye nyuzi za magunia, kwenye udongo, kwenye maji ya kisima, na kwenye midomo yake mwenyewe iliyoacha kuisikia kitambo. Akaanza kucheka, na cheko hili halikuwa la kumficha Okoth uchungu. Mkono wake haukuwa umekufa. Uliozimika ni ulimi tu.

Wakaanza upya. Uthman, mtoto wa Bi Radhia mwenye duka, alitoa magunia matupu ya unga. Okoth, kwa sharti la kwamba atakula bure atakapopenda, alileta udongo wa mto kutoka Sabaki, gunia moja moja nyuma ya pikipiki, na samadi ya mbuzi iliyowafanya abiria wake wa siku nzima waulize maswali. Lakini maji? Maji ya bomba hutoka kwa zamu, nayo ni ya kunywa, kupikia na kutawadha tu. Moraa angeona haya kuyamwaga kwenye mmea mbele ya mwenye nyumba.

"Na haya?" Bi Radhia akauliza, akionyesha mfereji wa saruji. Nyumba yake, kama nyumba nyingi za jamaa zake, haikubali maji ya udhu yaishie chooni. Tangu enzi ya mama yake yalikuwa yakielekezwa kwenye shina la asumini ukutani. "Hayana sabuni, hayana chumvi. Asumini lenyewe limekunywa hata limeninenepea kuliko mimi. Tega karai lako."

"Bi Radhia, ni maji ya sala."

"Sala imeshakwenda, mwanangu. Yaliyobaki ni maji."

Ikaingia Ramadhani. Mwaka ule iliangukia mwisho wa kiangazi, na nyumba ya Bi Radhia ikajaa wageni: mashemeji kutoka Malindi, wajukuu, wanaume wa kutawadha kwa makundi kabla ya tarawehe. Karai lilijaa, likamwagwa, likajaa tena. Mboga zikanyanyuka. Sukuma ikafungua majani mapana kama upawa, na managu yakawa meusi kwa kunawiri. Moraa akachuma ya kwanza, akaipika kwa tui, akaipeleka ndani wakati wa kufuturu. Sahani ilirudi imepanguswa, ndani yake mna tende.

"Nasikia sukuma yako imesilimu," Okoth alimwambia mabwawani.

"Imesilimu, na imesema isiliwe na mtu asiyefunga mdomo."

Kisha mvua. Ilikuja usiku, ikagonga bati, na asubuhi nyapara alisimama langoni akitikisa kichwa kabla mtu hajamfikia. Moraa alirudi ameloa. Alipofungua mlango alimkuta Abigael amepiga magoti, amevuta begi kutoka chini ya kitanda, anakunja sare ya shule vizuri kabisa, mikono ya shati ndani, kama alivyofundishwa huko Kisii.

"Unaenda wapi?"

"Si mvua imeanza?"

Moraa alilichukua begi, akalimimina kitandani, sare na vyote. Akamwekea mtoto ungo mkononi.

"Nenda ukachume. Anza na yale ya chini, usinivunjie vichwa."

Abigael alisimama mlangoni akitazama ile safu ya kijani inayochezacheza kwa matone. Kisha akatoka mbio, akachuma mno, ungo ukafurika, akarudi ananuka udongo na samadi, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Kisii akabishana na mama yake kuhusu chumvi ya kutia kwenye sufuria.

Wiki iliyofuata barabara ikajaa maji na magari ya mboga kutoka Malindi yakakwama. Wanawake wa Gongoni wakaanza kubisha hodi ua wa Bi Radhia. Mmoja alileta samaki, mwingine unga, mwingine mayai kwenye kitambaa. Uthman aliomba mafungu ya kuweka dukani. Bi Radhia alikaa mlangoni kama nyapara, akimwambia kila mgeni kwamba ni yeye aliyeigundua chumvi.

Masika ile ikapita, na nyingine. Magunia yalizidi hadi yakafika kwenye baraza, na hapo ndipo Bi Radhia aliposema juu ya mkeka wake, na juu ya kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake karibu na mto, kilichokaa bure muda mrefu, kwamba Moraa akakilime. Alisema kwa hasira ya mtu asiyetaka kushukuriwa. Moraa akaacha chumvi, akayahamisha magunia yake.

Sasa anaishi Sabaki, kwenye chumba cha bati kando ya shamba hilo, na Abigael yuko gredi ya sita.