Vijisanduku Kwenye Grafu ya Ziwa

Dada alikuja steshenari asubuhi, nikiwa bado nafuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi. Alishika flashi mkononi na hakuwa amekunywa chai. Aliniambia ripoti yake lazima imfikie mwalimu wake wa chuo kabla ya saa kumi jioni, kwa barua pepe. Ikichelewa, atasubiri mwaka mzima ndipo amalize. Alisema hayo akiangalia mlango. Nikawasha kompyuta.

Tangu msiba tulikuwa tunaongea hivyo, mambo ya lazima tu. Baba alifariki mvua zilipokuwa zinaishia. Siku ya mazishi sikulia, na baadaye pia sikulia. Watu walisema ni aibu, maana mimi ni mtu wa aibu tangu utotoni. Hata simu ya mteja ikiita hapa dukani, namwachia mjomba apokee. Lakini haikuwa aibu. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, basi.

Steshenari ni ya mjomba, iko Ujiji, karibu na soko. Tunatoa fotokopi, tunachapa barua, tunapiga picha za pasipoti. Koti jeusi la kupigia picha linaning'inia nyuma ya mlango na limeshavaliwa na nusu ya vijana wa mji huu. Mimi niliishia darasa la saba. Kuchapa nachapa kwa vidole viwili, polepole, na mteja mwenye haraka humngoja mjomba. Siku hiyo mjomba alikuwa amekwenda Kigoma mjini kununua karatasi.

Kompyuta ya dada ilikuwa imekufa kioo, akaiacha chuoni. Kwa hiyo alianza kuweka kwenye ya kwetu ile programu anayoitumia kuchora grafu, kwa bando la simu yake. Ilishuka taratibu sana. Nilihudumia wateja, yeye akakaa anatazama mstari wa kijani ukijaa kwenye kioo.

Utafiti wake nilikuwa naujua kwa sababu ulifanyika kwetu Bangwe. Kuna diski nyeupe, upana wake kama sahani ya pilau. Unaifunga kwenye kamba, unaiteremsha majini kutoka kwenye mtumbwi, unaitazama mpaka isionekane tena. Hapo unasoma kamba. Maji yakiwa safi diski inakwenda mbali; yakiwa na tope inapotea mapema. Dada alikuwa anaingia ziwani na baba kila wiki. Likizo ilipokwisha akarudi chuo, na baba akaendelea kuteremsha diski peke yake, akimtumia namba kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Aliendelea hivyo mpaka alipoanza kuumwa.

Grafu ilifunguka karibu na adhuhuri. Mstari ulikuwepo, vitone vilikuwepo. Lakini pembeni, kwenye mhimili unaoonyesha kina, palipaswa kuwa na namba zenye alama ya hasi, kwa kuwa dada alichora kina kikishuka chini ya sifuri. Badala ya alama ya hasi, kila namba ilitanguliwa na kijisanduku kitupu. Kijisanduku tano. Kijisanduku kumi. Kijisanduku kumi na tano. Na maneno ya huo mhimili yalikuwa vurugu: alama ya dola, herufi kubwa, kistari cha chini, mabano ya mikunjo.

"Hii nini sasa?" dada alisema.

Kijana aliyekuja kupiga picha alikuwa tayari amevaa koti, akachungulia juu ya bega lake. "Oya dada, hivyo si visanduku vya kura? Chagua kimoja twende."

"Kaa kwenye kiti upigwe picha yako."

"Mimi nasaidia tu. Naona na dola zipo. Hiyo ripoti ina hela."

Nilimpiga picha. Alitaka nyingine kwa sababu alidai amefumba jicho, na kweli alikuwa amefumba. Alipoondoka, dada alikuwa ameshapata sababu ya vijisanduku. Chuo kinataka fonti ya aina fulani, na kwenye kompyuta yetu fonti hiyo haipo. Programu ikachukua nyingine iliyo karibu nayo, na hiyo nyingine haina ile alama ndefu ya hasi inayotumika kwenye vitabu vya hesabu. Herufi isiyokuwepo huchorwa kijisanduku. Dada akaiambia programu itumie kistari kifupi cha kawaida, kile kilichopo kwenye kibodi. Akachora upya. Vijisanduku vikaondoka vyote kwa pamoja.

Maneno yakabaki vilevile.

Alinieleza, nadhani ili asikie sauti yake mwenyewe. Ukitaka programu iandike hesabu vizuri, na herufi ndogo zikae chini ya kubwa, unaweka alama ya dola mwanzoni na nyingine mwishoni. Kilicho katikati ya dola mbili kinachorwa kama kitabuni. Dola ikiwa moja, programu haielewi kama ni hesabu. Inaandika kila kitu kama kilivyo, na dola yenyewe.

"Na mimi nimeweka zote mbili," alisema. "Nimebonyeza zote mbili."

"Hapa kwenye kibodi yetu?"

"Ee. Hapa hapa, niliporekebisha maneno."

"Kitufe cha namba nne kimekufa," nikamwambia. Dola iko juu ya nne. "Mara kinashika, mara hakishiki."

Akageuka akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu aje. "Na mnachapaje namba nne?"

"Tuna faili lina nne moja. Tunakopi."

"Mdogo wangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Siku za nyuma tungecheka mpaka mteja atushangae. Alikopi dola ya mwanzo, akaibandika mwishoni, akachora tena.

Maneno yakatoka safi. Herufi kubwa imesimama, mbili ndogo zimekaa chini yake kwa adabu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili, kidole kikiwa kwenye kioo: "Kina ambapo diski inapotea. Kwa mita."

Kidole hakikutoka. Kilikaa kwenye neno hilo la mwisho. Kisha kikateleza kwenda kulia, mpaka kwenye vitone vya mwisho. Vitone vya mwanzo vyote vilikuwa chini kabisa, kwenye kumi na mbili, kumi na tatu. Vya mwisho vilipanda juu ghafla: saba, saba na nusu, saba. Nilijua vitone hivyo ni vya nani.

"Nimeandika ukurasa mzima kuhusu hapa," alisema. "Kwamba ni tope la Malagarasi. Kwamba mto ulijaa, ukasukuma tope kutoka Ilagala mpaka huku."

"Na si kweli?"

"Sijui. Mwalimu aliniuliza nina uhakika gani. Nikamwambia vipimo ni vya baba, na baba hakosei."

Akachukua simu. Alitafuta chini, chini, akafika. Jumbe za sauti za baba zilikuwa zimejipanga, fupifupi. Sikuwa nimesikia sauti ya baba tangu siku zile, na yeye nafikiri hakuwa amezifungua tena. Alibonyeza mmoja.

"Haya mwanangu," baba alisema katikati ya duka letu, upepo ukipuliza nyuma yake. "Leo saba na nusu. Maji meupe, ziwa limetulia kama kioo. Diski ilinichosha macho. Soma, usishinde njaa."

Mama mmoja aliingia na kitambulisho chake anataka kopi mbili. Nikampa kopi mbili. Akaaga, nikaitikia. Niliporudi dada alikuwa anasikiliza mwingine, na baba anasema saba, na anasema tena maji ni safi.

Tulitazamana. Maji yenye tope hayawi kama kioo. Baba asingesema diski imemchosha macho kama ilikuwa inapotea mapema.

"Mimi niliondoka na kamba yenye alama za mita," dada alisema polepole. "Ilikuwa ya chuo. Niliirudisha. Diski nikamwachia."

Akampigia mama. Aliweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshatuma?"

"Bado. Mama, ile diski, baba alikuwa anaiteremsha kwa kamba gani?"

"Kamba yake. Ulitaka atumie ya nani?"

Dada akafunga macho.

Huku kwetu mvuvi wa mshipi haazimi kamba. Kila mtu anafunga mafundo yake mwenyewe: ananyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hapo anafunga fundo. Hiyo ni pima yake moja. Mwenye mikono mirefu ana pima ndefu. Ukitumia kamba ya mwenzio utashusha ndoano pasipo na migebuka, na utarudi mikono mitupu ukimlaumu. Hilo analijua kila mtoto wa Bangwe. Dada pia alilijua. Lakini chuoni saba ni mita saba, na yeye alikuwa chuoni alipozipokea zile namba.

"Iko wapi hiyo kamba?" aliuliza.

"Hii hapa uani. Ndiyo waliyofungia turubai msibani. Waliponirudishia nikaanikia nguo."

Mama yuko eda, hawezi kuileta. Dada alikuwa na ukurasa mzima wa tope wa kufuta. Nikatoka mimi. Nilichukua bodaboda mpaka Bangwe, na njia nzima sikuwaza kitu. Ziwa lilikuwa upande mmoja, limetulia. Nililiona kama mtu anavyoona ukuta.

Mama alikuwa mlangoni, ndani ya kizingiti, amejifunika.

"Toa kwanza zile kanga," alisema. "Kunja vizuri. Ukishapima urudishe kamba, kuna mashuka sijaanika."

"Sawa mama."

"Na usifungue mafundo."

"Sifungui."

Futi ya cherehani yake inaishia sentimita mia na hamsini, na pima ya baba inapita hapo. Ilibidi niweke kidole ilipoishia, nihamishe futi, niendelee. Nilipima kutoka fundo hadi fundo. Hayakuwa sawa kabisa. Hapa ilizidi kidogo, pale ilipungua. Nilirudia. Mafundo yalikuwa madogo na magumu, yamekazwa kwa meno, na kwenye moja kulikuwa na gamba la dagaa lililokauka. Nililiacha.

Nilijua wakati huo kwamba nilikuwa napima mikono yake. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, na nikanyoosha yangu nione. Haikufika fundo la pili. Mama aliona. Sikusikia kitu ndani yangu, ila nilikaa hivyo mikono imenyooka kuliko ilivyohitajika.

Nikampigia dada simu mwenyewe. "Mita moja na sentimita sabini na mbili," nikasema. "Katikati ya zote."

Nikasikia anabonyeza. "Saba na nusu," alisema, "inakuwa karibu kumi na tatu." Akabonyeza tena. "Vinarudi, mdogo wangu. Vyote vinarudi kwenye mstari."

Nikafunga kamba, nikaanika kanga na mashuka ya mama, nikarudi Ujiji.

Nilimkuta ameshachora upya. Vitone vya baba vilikuwa vimeshuka chini na kukaa pamoja na vingine, huwezi kujua vimeanzia wapi. Tope la Malagarasi lilikuwa limefutwa. Mahali pake aliandika mistari michache, kwamba vipimo vya mwisho vilichukuliwa kwa pima na kugeuzwa mita. Akaangalia mhimili mara ya mwisho: alama za hasi zipo, herufi ndogo zipo. Akatuma. Saa kumi haijafika.

Nilimpa chai kutoka kwenye chupa ya mjomba, akanywa imeshapoa. Mteja alikuja na vyeti vya kurudufu, nikarudufu.

Jibu la mwalimu lilikuja kabla hatujafunga. Dada alilisoma, akanigeuzia kioo. Liliandikwa kwa Kiswahili: "Nimepokea, na umewahi. Grafu sasa inaeleweka. Swali moja tu la kuongeza kwenye maelezo: pima ya nani?"

"Andika wewe," dada alisema. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. "Mimi nimechoka."

Nikavuta kiti. Nilichapa kwa vidole viwili, naye hakunihimiza. Niliandika kwamba pima ni urefu wa mikono ya mtu akiinyoosha, na kila mvuvi ana yake. Niliandika kwamba hii ni ya baba yetu, wa Bangwe, na kwamba amefariki. Neno hilo la mwisho nilikuwa sijawahi kuliandika. Herufi zilitoka moja moja, zote zikaonekana vizuri, hakuna iliyogeuka kijisanduku. Nilizitazama. Vidole vikaanza kuniwasha, kama damu inavyorudi mguuni, na ilikuwa inauma.

Dada aliinuka akasoma juu ya bega langu.

"Nifute la mwisho?" nikamuuliza.

"Acha," alisema. Akanyoosha mkono akatuma.