Nilikata Miti Ili Bati Langu Lionekane Barabarani

Nimekosa, ndugu zangu, na wala sitafuti wa kunitetea. Nilikata miti iliyokuwa inamponya mke wangu, ili abiria wa mabasi ya Ifakara waone kwamba nimeezeka bati. Haya, cheka. Mimi mwenyewe ningekuwa msomaji ningecheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, Kiberege. Nilikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na mwenye mashine enzi hizo hakuwa mtu wa kusalimiwa kwa haraka haraka! Nikaezua nyasi, nikapiga bati. Jipya, linawaka jua mpaka kuku wanafumba macho. Tatizo likawa moja: hakuna aliyeliona. Kati ya nyumba na barabara kulikuwa na kipande cha msitu alichoniachia marehemu baba, mikuyu, mivule na mitalawanda imefungamana, chini kivuli na baridi. Utajiri wote ule umefichwa na majani! Iliniuma sana.

Kabla ya hilo bati tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa pekee, Rehema. Homa ilimchukua hajajifunza hata kutembea. Tangu hapo mke wangu, ambaye watu waliendelea kumwita Mama Rehema, hakulala. Moyo ulimwenda mbio, chakula alikitazama tu. Na mimi? Mimi ni mwanamume bwana, kesho yake nilirudi mashineni. Wanaume hatulii, tunakoboa.

Kilichomrudisha ni ile miti. Kila asubuhi akishafagia uwanja alivua kandambili, akaingia humo, akakaa. Hachumi kitu, hakati kuni. Anaegemea mkuyu, anasikiliza ndege, anavuta hewa. Akitoka uso umekunjuka, anabandika sufuria huku anaimba nyimbo za kwaya. Taratibu usingizi ukarudi, akaanza kula, akaanza hata kunitania. Mtu mwenye akili angepiga goti na kuushukuru ule mkuyu. Mimi nikaupa jina, "kliniki ya ngedere", nikawa nawachekesha wateja.

Siku hizi mpwa wangu ananionyesha kwenye simu kwamba huko duniani kuna watu wanalipa ili wapelekwe kusimama kati ya miti, wapumue polepole. Eti kunapunguza mawazo, kunatuliza moyo, kunaleta usingizi. Wanaita kuoga msitu. Bafu hilo nilikuwa nalo mlangoni kwangu, bure, nikalikata!

Aliyenisukuma ni rafiki yangu, fundi baiskeli jirani na mashine. "Kaka, shemeji anaongea na miti?" aliniuliza mbele ya watu. "Angalia. Wataanza kusema mengine." Na mimi, ambaye sikuwahi kumuuliza mke wangu mle ndani anapata nini, niliona aibu kuliko mwizi.

Mnajua kwetu msimu wa mpunga ulivyo. Watu wanahama, wanavuka mto kwenda mashambani, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wanafukuza ndege mpaka mavuno. Mama Rehema alikwenda na shangazi yake, mimi nikabaki na mashine. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikaita wakata mbao, nikawaambia wasibakize hata kijiti. Walipomaliza nilisimama barabarani nikatazama bati langu linavyometa. Sitadanganya, nilifurahi sana!

Siku ya kurudi kwake nilivaa shati la Jumapili, nikakaa kibarazani kungoja sifa. Nikamwona anakuja, anasukuma baiskeli yenye gunia la mpunga. Akafika usawa wa nyumba. Akapita!

"Mama Rehema! Unakwenda wapi? Nyumbani ni hapa!"

Akageuka. Akatazama bati, akatazama visiki.

"Nilikuwa natafuta miti," akasema. "Hii nikajua ni nyumba ya watu."

Hakulia, hakunitukana. Aliteremsha gunia, akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Basi, maendeleo yakaanza. Mchana nyumba ni tanuri. Vumbi la malori linaingia mpaka kwenye wali. Usingizi ukamkimbia tena, na moyo ukarudi kwenda mbio. Nami, mume mwenye upendo, nikamtafutia dawa: nikamnunulia maua ya plastiki! Makubwa, mekundu, ya kuweka mezani. "Haya hata maji hayahitaji," nikamwambia kwa majivuno. Akawa anayafuta vumbi kila asubuhi, kwa adabu, kama vyombo vya wageni.

Nikampeleka hospitali Ifakara. Daktari alimpima, akakosa ugonjwa. Akaniuliza, "Nyumbani huwa anapumzikia wapi?"

"Sebuleni, daktari. Kuna makochi."

Mke wangu akacheka, kicheko kibaya, mpaka daktari akaweka kalamu chini.

Haikupita wiki akaniaga kwa heshima zote, akaenda kwa mama yake Kisawasawa, kule milima ya Udzungwa inakoanzia. Nikangoja arudi. Hakurudi, nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Msumeno umekuja nao, au leo umeuacha?"

Kuambiwa vile na mkwe! Nilitamani ardhi ipasuke. Akanionyesha njia, kwamba binti yake ameingia msituni na wanawake wenzake kuokota kuni kavu. Nilimkuta kando ya kijito, mzigo wake umeshafungwa, wenzake wametangulia. Amenawiri. Uso wake wa zamani umerudi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, mimi ni mume, wewe ni mke, na kadhalika. Lakini palikuwa na baridi nzuri, maji yanapita kwenye mawe, mbega wanaruka juu huko, udongo unanukia mvua. Nikapumua. Nikapumua tena. Kisha mimi, mwanamume wa mashine, nikaanza kumlilia Rehema, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nililia kwa sauti mpaka mbega wakahama! Mke wangu aliniwekea mkono mgongoni. Tulipotoka humo nilikuwa mwepesi, na usiku nikalala usingizi wa mtoto. Dawa kama ile sijaipata tena hadi leo.

Asubuhi akaniambia, "Mimi kule sirudi, nitakufa. Lakini sikufukuzi. Hamia huku. Mashine inabebeka, na hapa mpunga wanalima. Bati linang'olewa."

Jamani! Mtu niliyemkosea ananifungulia mlango mwenyewe! Na mimi, machozi hayajakauka vizuri, nilijibu nini?

"Bati likishatobolewa misumari, ukiezeka tena linavuja."

Ndiyo, hayo ndiyo majibu yangu.

"Sawa, Baba Rehema," akasema. "Nenda kalilinde."

Nikaenda kulilinda. Nikajipa msimu mmoja wa kufikiri, halafu mwingine. Mwanamume akahamie ukweni, watu watasemaje? Siku nilipomeza kiburi na kupanda tena Kisawasawa, alikuwa ameshazoea kuishi bila mimi. Alinikaribisha chai kama anavyokaribishwa mgeni, akaniuliza habari za Kiberege, akanisindikiza hadi barabarani. Hakunialika tena kuhamia, nami sikuwa na uso wa kuomba.

Sikuoa tena. Miche nimepanda, lakini mtalawanda hauna haraka na mzee. Mashine ilishakufa. Bati lina kutu, linavuja vizuri tu bila kuhamishwa popote. Yeye nasikia bado ana nguvu, bado anaingia msituni, na kwaya ya kule haianzi bila sauti yake.

Wewe kijana uliyejenga juzi, unayeita miti uchafu na uwanja mweupe usafi, nisikilize. Ukimwona mkeo anaingia kwenye miti amekunja uso na kutoka anaimba, usimcheke, wala usimnunulie makochi. Vua viatu umfuate, ukae naye. Na akikuambia hamia huku, sema ndiyo. Mengine yote mtazungumza njiani.