Kitambaa Chekundu Kilikuwa Juu

Nina hasira za karibu, mtu yeyote wa Lushebere, huku Masisi, mashariki mwa Kongo, atakuambia. Mwanafunzi akichelewa nafoka. Mke wangu Bénédicte akizidisha chumvi nafoka. Na mtu akidanganya mbele yangu, hapo ndipo nawaka kabisa. Nimefundisha darasa la tano miaka kumi na minne, na somo nililolipenda kuliko hesabu ni lile la maadili. Mambo haya nayaandika kwa aibu. Watu wa huku wanayajua vipande vipande, na kila mmoja anaongeza chake, kwa hiyo bora niyaseme mwenyewe hata kama nimechelewa.

Kwetu si Masisi. Kwetu ni Ntoto, Walikale, ndani ya pori. Baba yangu alilima na kuwinda. Katika kundi lao kila mwindaji alikuwa na alama yake kwenye mshale, na ya baba ilikuwa mistari miwili na nukta katikati. Mnyama akianguka, hakuna aliyegusa kisu kabla mwenye mshale hajasema, "Ni wangu." Na mshale ukikosea, unasema vilevile. Siku moja mshale wa baba ulimuua mbwa wa jirani, mbwa hodari mwenye kengele shingoni. Hakuna aliyeona. Baba akaushika ule mshale wenye damu, akapita nao katikati ya kijiji mchana kweupe, akaenda kusimama mlangoni kwa jirani. Nilikuwa na miaka minane, namfuata nyuma, natamani autupe mtoni. Kisa hicho niliwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, tena kwa kujigamba.

Sasa, golf. Najua utacheka: golf, Masisi? Cheka tu. Papa Zéphyrin, mzaliwa wa hapa, aliwabebea watu mifuko ya golf kule Kinshasa miaka ishirini na miwili. Alipochoka akarudi na fimbo tisa zilizochakaa na gunia la vimpira vyeupe. Akamwomba Mama Umurerwa, mjane mwenye ferme, shamba la ng'ombe, juu ya barabara, amwazime kipande cha malisho. Si kiwanja chenyewe, chenye mashimo na bendera. Ni mahali pa kujizoeza kupiga. Unasimama nyuma ya kamba, malisho yanateremka mbele yako, na kuna nguzo tatu: hatua hamsini, mia moja, mia moja na hamsini. Unapiga, kampira kanaruka juu ya bonde, roho inatulia. Jumamosi mchana tulifika sisi walimu, Émile muuguzi, katekista na madereva wa pikipiki. Ukiwa na fimbo mkononi, unasahau mengi ya huku.

Mama Umurerwa alikubali kwa sharti moja tu. "Ngombe yangu ao maharagi yangu ikipigwa," alisema, "sitaki mulipe kitu. Namutaka muntu. Mwenye kupiga akuje yeye mwenyewe, atoshe kofia, aseme njo miye nilipiga, kabla ya saa ya kukamua. Hakuna mwenye anakuja? Nafunga, narudisha ngombe zangu hapa, fasi yote."

Sheria nyingine zilitoka kwa Zéphyrin, na mimi mwenye mwandiko mzuri na mdomo mrefu nikaziandika kwenye ubao. Usiseme wakati mwenzako ameinua fimbo. Taja mwenyewe umbali wa mpira wako, usiongeze hata hatua moja. Mpira ukipotea njia, piga kelele. Kitambaa chekundu kikiwa juu, kuna mtu mbele, hakuna kupiga. Atakayepiga, miezi sita hagusi fimbo. Kila mtu alitia alama vimpira vyake kwa verni, rangi ya kucha. Mimi nilichora mistari miwili na nukta. Wakanichagua niwe mwamuzi. Eh, nilitisha! Dereva mmoja nilimrudisha nyumbani mbele ya wenzake kwa kujiongezea hatua kumi.

Kulikuwa pia na Noël. Yeye alikimbia vita kwao akaja kukaa katika kambi ya wakimbizi hapa Lushebere, na binti yake Tumukunde yuko darasani kwangu. Noël alikata majani ya kiwanja na kuokota vimpira, na kwa kazi hiyo Mama Umurerwa alimpa kona ya ferme alime maharagi. Jioni, sisi tukichoka, alipiga vimpira vitano vyake. Alipiga vizuri kuliko wengi wetu, lakini hakusema.

Jumamosi yenyewe, Émile alivuka nguzo ya mwisho. Mimi sijawahi kuivuka. Akaanza kunichokoza: "Mwalimu, weye piga na mudomo, pengine itafika!" Watu wakacheka mpaka kukohoa. Nikacheka nao, lakini ndani nilikuwa nachemka. Kisha wote wakaenda kwenye kibanda kula fromaji, jibini ya hapa, na chai. Zéphyrin akapandisha kitambaa, akateremka kusimamisha nguzo ya katikati iliyokuwa imelala, ametugeuzia mgongo. Kwenye kamba tukabaki wawili: mimi, na Noël anayepangusa fimbo.

Nikaweka kampira chini.

"Mwalimu," Noël akasema polepole, "kitambaa iko juu."

"Nyamaza. Sheria njo miye niliiandika."

Nikapiga kwa hasira yote ya Émile. Kampira kakakata kulia, kakaruka uzio, kakampiga Gaju, ng'ombe mwekundu wa Mama Umurerwa, jichoni. Sikupiga kelele. Ng'ombe alilia sauti ambayo sikujua ng'ombe anaweza kuitoa, akauvunja uzio, akazunguka na kuzunguka. Watu wakatoka kibandani mbio. Mimi niliwatangulia wote, wakadhani nakwenda kusaidia. Nilikwenda kutafuta kampira. Nikakaona kwenye majani, mistari miwili na nukta, nikakakanyaga, nikainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, nikakatia ndani ya soksi. Baada ya hapo ndipo nikasema, "Yesu wangu, maskini mnyama!"

Mama Umurerwa alifika, akamshika Gaju kichwa, akamfuta damu kwa kitenge chake. Hakutukana mtu. Alisema tu, "Nangojea," akatazama jua.

Zéphyrin alisimama katikati yetu. "Nani?"

Mimi nilikuwa natazama nguzo.

"Nani?"

Noël alinitazama. Hakunitazama kwa ukali, laiti angenitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu aliyekupisha mlangoni, anangoja upite. Ndani ya soksi, kampira kalikuwa kananibana kifundo. Nikajiambia: sasa sema. Nikajiambia tena. Ulimi ulikataa, haki ya Mungu. Niliwaza ubao, niliwaza Émile, niliwaza yule dereva niliyemrudisha nyumbani.

"Mara ya tatu. Nani?"

Noël akavua kofia yake. "Njo miye, Mama. Unisamehe."

Mama Umurerwa akatikisa kichwa. "Umesema. Ni sawa. Maharagi yako itabakia." Akamwongoza Gaju taratibu kwenda zizini. Nilidhani yamekwisha. Lakini Zéphyrin akanigeukia: "Mwamuzi, usome sheria."

Nikaisoma. Ndiyo, mimi. Nilisimama mbele ya ubao, nikaisoma kwa sauti yangu ile ya darasani, nikaandika kwa chaki: Noël, miezi sita. Kisha nikanyoosha mkono, akanipa fimbo aliyokuwa anaipangusa. Alinipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

Tangu hapo vijana wa kambini wakamwita Toboa-Jicho. Jumamosi alikata majani asubuhi, na sisi tukifika yeye anaondoka. Mimi nilipiga vibaya kila wiki, nikasema mgongo unaniuma. Bénédicte alikakuta kale kampira akifua, akaniuliza, "Haka kako na alama ya baba yako, sababu ya nini kako mu soksi?" Nikamfokea. Mwanamke wa watu, hajui kitu, nikamfokea mpaka akatoka nje.

Wiki ya tano nilifundisha somo la ukweli. Kwa aibu sikusimulia habari za baba na mbwa. Nikawapa kazi tu: andika juu ya mtu unayemjua aliyesema ukweli siku ilipokuwa vigumu. Nikakusanya madaftari. La Tumukunde lilikuwa la nne.

Aliandika: "Baba yangu alipiga ngombe ya Mama Umurerwa bila kupenda. Watu wote walinyamaza. Yeye alitosha kofia akasema njo miye. Wanamucheka, wanamuita Toboa-Jicho, lakini miye sioni haya. Mwalimu wetu alikuwa pale, anaweza kushuhudia."

Anaweza kushuhudia! Nilikaa na lile daftari mpaka chai ikapoa mezani. Ningefanya nini? Nikaandika kumi juu ya kumi, vizuri sana. Kesho yake akalisoma mbele ya darasa, kidevu juu, na alipofika mwisho akanigeukia, watoto wote wakanigeukia, nikaitikia kwa kichwa. Nimefanya mabaya maishani, lakini kule kuitikia kwa kichwa ndiko kunakoniamsha usiku hadi leo.

Masomo yalipokwisha nikaenda moja kwa moja kwenye kona ya Noël. Alikuwa anapalilia magugu kwa jembe. Hakushangaa kuniona.

"Sababu ya nini ulifanya vile?" nikamuuliza. Nilimuuliza kwa ukali, fikiria! Kama vile yeye ndiye aliyenikosea.

"Nilikungojea, Mwalimu," akasema. "Mpaka mara ya tatu nilikungojea. Mama angefunga, na haka kashamba kangeenda. Na tena weye njo unafundisha mutoto wangu. Nikawaza, huyu akianguka hapa mbele ya watu, Jumatatu atasimama namna gani mbele ya watoto?"

Nikakaa chini palepale kwenye udongo na suruali yangu ya shule. Nikalia. Alinipa nafasi nilie, akaendelea na magugu yake.

"Jumamosi nitasema," nikamwambia.

Akaacha jembe. "Sema. Lakini ujue kintu kimoja. Tumukunde hana kingine cha kujisifia. Nyumba tuliacha, ngombe tuliacha, mama yake alikufa mu njia. Sasa atajua baba yake alisema bongo, alidanganya mbele ya watu. Umeona fasi umenitia?"

Ni kweli nilimtia pale. Nikamwambia basi ninyamaze, kama anataka. Akafikiri, akajifuta jasho. "Hapana," akasema. "Sema. Kwa mutoto, nitamuambia miye mwenyewe."

Jumamosi nilifika wa kwanza. Nilimtuma katekista amwombe Mama Umurerwa aje. Watu wote walipofika, nikafuta jina la Noël, nikaandika langu: Thierry, miezi sita. Nikavua kofia. Nikakatoa kale kampira nikakaweka mkononi mwa Zéphyrin, alama ikiwa juu. "Njo miye," nikasema. Nikawaeleza yote, mpaka soksi.

Émile hakucheka. Hiyo iliniuma pia.

Zéphyrin alikageuza kampira. "Kitambaa ilikuwa juu?"

"Ilikuwa juu, Papa."

"Na miye nilikuwa pale chini."

"Ulikuwa pale chini."

"Ungeniua, Thierry," akasema. Tangu nimjue hajawahi kuniita bila kutanguliza Mwalimu. Akaenda akakaa peke yake kwenye kibanda.

Mama Umurerwa alibaki amesimama, mikono imefungwa kifuani. "Gaju aliisha kuzoea," akaniambia. "Anageuza kichwa, anaona na ile jicho yenye ilibakia. Na weye? Uliisha kuzoea?"

"Hapana, Mama."

"Ni vizuri," akasema, akaenda kwa ng'ombe zake. Kiwanja hakukifunga. Noël alipewa fimbo mbele ya watu wote, akapiga vimpira vyake vitano mchana, na kimoja kilivuka nguzo ya mwisho. Akataja hatua mia moja hamsini na mbili. Hakuna aliyekwenda kupima.

Nilirudi nyumbani nikajidanganya kwamba yamekwisha. Nilimwomba Bénédicte msamaha, nikala, hata nililala.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaita majina, Tumukunde alitoka kwenye benchi lake na daftari. Watoto walikuwa wameshasikia. Akalifungua mbele yangu kwenye ule ukurasa.

"Mwalimu, papa aliniambia. Hii haiko ya kweli. Utoshe zile pointi."

"Tumukunde," nikasema, "baba yako ni mtu mwema kuliko mimi. Kumi hii inamfaa."

"Najua ni muntu muzuri," akasema. "Lakini ulituuliza juu ya ukweli."

Alisimama, anangoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho yale yale ya baba yake siku ile penye kamba, ya kunipisha nipite. Nikachukua kalamu ya biki nyekundu. Mbele ya watoto arobaini na sita, nikaikata ile kumi, nikaandika sufuri.

Akapuliza wino ukauke, asichafue ukurasa wa pili. "Merci, Mwalimu," akasema, akarudi kukaa.